Kichwa cha kaya ni bibi: kisa cha ombi la mkopo wa kusomea sheria, kaskazini Pemba

Kisa hiki nawaandikia wenzangu ambao kila ifikapo Juni hukaa na vijana kuwakagulia fomu za mikopo ya elimu ya juu. Mimi ni msaidizi wa sheria wa kujitolea, si mtumishi wa bodi yoyote. Mwombaji ameridhia kisa chake kiandikwe. Jina lake, shehia (mtaa unaoongozwa na sheha, kiongozi wa serikali wa ngazi ya chini), chuo na mwaka nimeviondoa, na mambo mawili matatu ya nyumbani kwao nimeyageuza ili jirani asimtambue. Nitamwita Maryam.

Nyumba anayotoka

Maryam alikuwa na miaka 20, amemaliza Kidato cha Sita kwenye skuli ya serikali kwa masomo ya sanaa, na matokeo yake yalimtosha kuomba Shahada ya Sheria. Aliomba chuo kimoja cha Unguja na kingine cha Dar es Salaam. Tangu Kidato cha Pili alikuwa akisema anataka kuwa wakili, na watu wa nyumbani walikuwa wakicheka, maana ndiye aliyekuwa akiamua ugomvi wa kila mtu pale uani.

Uani hapo wanaishi watu tisa. Mama yake analima mwani na msimu wa karafuu unapofika huenda kuchuma kwa malipo ya pishi. Bibi mzaa mama ndiye mwenye nyumba. Wapo wadogo zake na watoto wa mama mdogo. Mjomba, mtumishi wa serikali wa daraja la chini, anaishi Chake Chake na mkewe na watoto wanne, na ndiye anayekimbiliwa pakiwa na dharura.

Baba ni mvuvi. Maryam akiwa na miaka mitano aliondoka kwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, upande wa Kenya, kama wanavyokwenda wavuvi wengi wa Pemba. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Habari zilizofika ni kwamba ameoa huko. Hakuleta hata kanga. Miaka minne baadaye mama alikwenda Mahakama ya Kadhi akapewa faskhi, yaani kuvunjwa kwa ndoa kwa hukumu ya Kadhi, akaitia hati yake sandukuni na maisha yakaendelea. Hati ile tutaikuta tena mbele.

Bodi ipi?

Swali hili lilituchukua jioni nzima. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo Mzanzibari anaweza kuomba kwenye Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ile iliyoanza kazi 2005 na ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake za HESLB. Na Zanzibar nayo ina Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 3 ya 2011. Mjomba alitaka ya Zanzibar kwa sababu moja tu: "Ya kwetu hiyo, tukikwama tunajua pa kwenda kubisha hodi."

Sababu yake haikuwa mbaya. Ila barua za udahili zilikuwa hazijatoka, na dirisha la HESLB lilikuwa tayari limefunguliwa, nalo huruhusu kuomba kabla ya kujua chuo, mradi namba ya mtihani ya Kidato cha Nne unayotumia kuombea mkopo iwe ileile uliyoombea chuo. Maryam pia alikuwa na jicho la mbali. Akitaka baadaye kufanya kazi ya uwakili Tanzania Bara, atalazimika kupita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo kule Dar es Salaam, ile Law School, na HESLB ina mwongozo wa mikopo ya mafunzo hayo pia. Akitaka kuwa wakili Zanzibar, daftari la mawakili ni jingine, chini ya Jaji Mkuu wa Zanzibar. Hajaamua, na kwa umri wake sikuona haja ya kumharakisha. Tukaenda na HESLB.

Masharti ya msingi aliyatimiza bila shida: ni Mtanzania, hajavuka miaka 35, hana ajira, Kidato cha Sita amemaliza ndani ya miaka mitano, anasoma kozi ya kutwa. Hapo ndipo vijana wengi hudhani kazi imekwisha. Kutimiza masharti kunakufungulia mlango wa kupimwa tu. Kipimo chenyewe ni uhitaji, na kozi nayo ina uzito wake. Mwombaji wa sheria hayumo kwenye kundi la mbele pamoja na waombaji wa udaktari na ualimu wa sayansi, kwa hiyo uhitaji wake lazima uonekane kwenye karatasi wazi kabisa.

Juni na Julai: karatasi

Cheti cha kuzaliwa kilisema Maryam Faki Hamad. Cheti cha Kidato cha Nne kilisema Mariam Faki Hamadi. (Majina haya nimeyatunga, lakini tofauti zilikuwa hizohizo: herufi moja huku, irabu moja kule.) Aliyefanya kazi na vyeti vya Pemba anajua kwamba hii ndiyo hali ya kawaida. Mwalimu mkuu huandika anavyosikia, na karani wa usajili naye ana masikio yake. Tulikwenda kwa wakili wa Chake Chake, Maryam akaapa mbele yake kiapo cha jina kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Cheti cha kuzaliwa tulikipeleka kuhakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, maana cheti kisichohakikiwa hakikubaliki. Hili tulilifanya mapema na nadhani ndilo tulilolifanya vizuri kuliko yote. Kuna vijana waliokuja kwangu wiki ya mwisho ya dirisha na cheti ambacho hakijahakikiwa. Sikuweza kuwasaidia kitu.

Kisha likaja suala la mdhamini. Mjomba aliposikia neno hilo alinyamaza, kesho yake akapiga simu. "Mie mshahara wangu unajua ulivyo. Huyu akisoma akaolewa asifanye kazi, si mimi nitakayekatwa?" Nilimweleza kwamba makato ya 15% yanayowekwa na sheria ni ya mshahara wa mkopaji aliyeajiriwa, na kwamba mhitimu ana miezi 24 baada ya kumaliza kabla marejesho hayajaanza kudaiwa. Lakini sikumwambia "usiogope, tia saini tu." Nilimpa fomu, nikamwambia asome maneno ya mdhamini mwenyewe, aende nayo nyumbani, alale nayo. Alikaa nayo siku nne. Akatia saini.

Mama alikuwa na swali jingine, na alinisubiri mpaka Maryam atoke ndani. "Baba, hili deni lina riba?" Nilimjibu nilichokijua kwa hakika: tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo ndiyo watu wengi waliiita riba, ilifutwa 2021, na adhabu ya 10% kwa waliochelewa ikafutwa mwaka huohuo. Kuhusu hukumu ya dini nilimwambia mimi si wa kutoa fatwa. Alikwenda kwa ustadhi wake. Waliyozungumza sikuyauliza; alirudi akasema binti aendelee.

"Weka amefariki"

Fomu yenyewe Maryam alikwenda kuijazia kwenye duka la steshenari, pamoja na rafiki zake wawili. Hapo mimi sikuwapo. Kijana wa dukani, ambaye amejaza fomu nyingi kuliko mimi na kasi yake ni ya kushangaza, alifika pahala pa hali ya wazazi akauliza: "Baba yupo?" Maryam akasema hajulikani alipo. Yule kijana akasema: "Weka amefariki. Yatima wanapewa mbele. Cheti cha kifo sheha atakusaidia, mseme alizikwa siku hiyohiyo hakuandikishwa."

Uongo ule ulikuwa na mavazi ya kweli. Kijijini ni kweli kwamba maiti huzikwa siku ileile na vifo vingi havisajiliwi. Nimewahi kusaidia mayatima wa kweli kusajili kifo cha mzazi kilichopita miaka sita, kwa barua ya sheha na mashahidi waliohudhuria maziko. Njia ipo. Ndiyo maana inavutia kupitishia kisicho kweli.

Maryam alinipigia simu kutoka dukani. Nilimuuliza: "Hiyo fomu ikishachapishwa, unaipeleka kwa nani?" Akasema kwa sheha, kisha kwa kamishna wa viapo. "Na mbele ya kamishna unafanya nini?" Akanyamaza kidogo. "Naapa."

Sikumwambia zaidi ya hapo wakati ule, lakini kwenye uchambuzi niseme wazi. Kuapa uongo ni kosa la jinai kwa yeyote. Kwa anayetaka kuwa wakili kuna la ziada: siku ya kuomba kuandikishwa atatakiwa awe mtu wa tabia njema, na kumbukumbu ya mkopo haipotei. Baba aliyeandikwa marehemu binti akiwa na miaka 20 anaweza kutokea binti akiwa na 27, amerudi na jahazi, anauliza mirathi ya mama yake. Visiwa hivi si vikubwa.

Akaandika baba yu hai, mvuvi. Rafiki zake walimcheka.

Kosa letu

Kuanzia hapo ikaingia dosari, na nusu yake ni yangu. Maryam, baada ya kukataa kumwandika baba marehemu, alitaka fomu ionyeshe kwamba baba hamlei. Mimi kwa simu nikamwambia: "Basi mweke mjomba kuwa mlezi, si ndiye anayekusaidia?" Nilikuwa njiani, daladala imejaa, nikajibu haraka. Ikawa mjomba ni mlezi na ni mdhamini pia, na mshahara wake wa serikali umekaa pale kama kipato cha nyumba. Nyumba ya watu tisa inayokula kwa mwani ikaonekana kama nyumba ya mtumishi wa umma.

Kosa la pili sikulijua hadi Novemba. Fomu inauliza kama kaya ya mwombaji inanufaika na mpango wa TASAF, ule mfuko wa maendeleo ya jamii unaozipa ruzuku kaya maskini. Maryam alijibu hapana. Aliamini ni hapana, kwa sababu mama yake hayumo kwenye orodha. Aliyemo ni bibi. Kaya imeandikwa kwa jina la bibi, pesa anapokea bibi, na watoto wa nyumba hiyo hawajui namba ya kaya wala hawaizungumzi. Kuna haya ndani yake. Mama aliniambia baadaye: "Ile ni ya bibi yenu, mtoto anakwenda chuo kikuu kuanza kusema sisi mafakiri?"

Mapitio ya mwisho kabla ya kutuma hatukuyafanya pamoja. Ada ya maombi ya shilingi 30,000 ililipwa, kurasa zilizosainiwa zikapakiwa, tukapongezana.

Oktoba

Chuo cha Unguja kilimpokea. Awamu ya kwanza ya mikopo ilipotangazwa aliingia kwenye akaunti yake, hakukuta kitu. Awamu ya pili hivyohivyo. Mmoja wa wale rafiki wawili alipata.

Familia ikakaa kikao. Mama alitaka aahirishe mwaka. Mjomba alisema aende, kiti cha chuo kisipotee, na nusu ya ada ya muhula angeitafuta yeye. Mimi niliunga mkono mjomba, kwa sababu moja ya kivitendo: fedha za mkopo hulipwa kwa mwanafunzi aliyesajiliwa chuoni, na anayebaki nyumbani akisubiri rufaa anaweza kushinda rufaa asiwe na mahali pa kuipokelea. Uamuzi huu ulikuwa na hatari. Rufaa ingeshindwa, mjomba angebaki na deni la muhula na Maryam angerudi Pemba katikati ya mwaka. Tulilisema hilo waziwazi mbele ya wote. Pesa ya karafuu ya mama ikawa nauli ya boti kutoka Mkoani, godoro, na chakula cha wiki chache.

Rufaa

Dirisha la rufaa lilipofunguliwa tulikuwa na siku chache. Safari hii nilichapisha nakala ya fomu nzima, nikakaa na Maryam kwa simu na mama yake ana kwa ana, sentensi kwa sentensi. Hapo ndipo nilipouliza, kwa bahati zaidi kuliko ujuzi: "Hii nyumba kichwa cha kaya ni nani?" Mama akasema, "Bibi yenu." Kisha akanyamaza, na nikaona usoni kwake kwamba kuna jambo. Namba ya TASAF ikatoka.

Nilipouliza kama kuna karatasi yoyote inayoonyesha baba aliondoka lini, mama alisema hakuna, yule hakuandika hata barua. Bibi, aliyekuwa amejilaza kwenye baraza wala sikujua kama anasikiliza, akasema: "Na ile ya Kadhi?"

Hati ya faskhi ilikuwa na umri wa miaka 11. Ndani yake Kadhi alikuwa ameandika kwamba mume ameitelekeza familia, hatoi matunzo, na hajulikani alipo. Barua ya sheha ya mwaka huu ingekuwa kauli ya jirani kuhusu jambo linaloombewa pesa. Hati hii ni hukumu ya mahakama, iliyotolewa Maryam akiwa na miaka tisa, wakati hakuna aliyekuwa akifikiria mkopo. Ushahidi uliozaliwa kabla ya haja una uzito wake.

Tukapeleka hati ya faskhi, namba ya kaya, na barua ya sheha ikieleza nani anaishi uani na kwamba mjomba ana kaya yake Chake Chake. Maelezo ya rufaa Maryam aliyaandika mwenyewe. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu za machozi. Nilimwambia afute kila sentensi isiyo na karatasi nyuma yake. Ikabaki nusu ukurasa, na ndani yake alikiri kwamba kwenye fomu ya kwanza alikosea kumweka mjomba kuwa mlezi na kukanusha TASAF, akaeleza kwa nini. Mjomba hakupenda neno "nilikosea". Aliogopa litatumika dhidi yake. Niliona kwamba fomu mbili zinazopingana bila maelezo ndizo zingemdhuru zaidi.

Matokeo

Rufaa ilikubaliwa. Alipangiwa chakula na malazi, kiwango cha shilingi 10,000 kwa siku, pesa ya vitabu na viandikwa shilingi 200,000 kwa mwaka, na sehemu ya ada. Ada iliyobaki mjomba na mama wanailipa kwa mafungu ambayo chuo kiliwakubalia. Yupo mwaka wa pili, na mkopo unaendelea kwa kuwa anafaulu.

Muhula wa kwanza, kati ya kusajiliwa na fedha kuingia, ulimwumiza. Kuna wiki alizokula mlo mmoja kwa siku na kutuambia anakula miwili. Hilo nalihesabu kuwa ni gharama ya kosa letu la Julai. Namba ile ya TASAF ingekuwa kwenye fomu ya kwanza, huenda majina ya awamu ya kwanza yangekuwa na jina lake.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni utaratibu wa mapema wa vyeti. Hauna hadithi ya kusisimua, lakini bila cheti kilichohakikiwa na kiapo cha jina, rufaa isingekuwa na mguu wa kusimamia. Kukataa kumwandika baba marehemu nako kulikuwa sahihi, hata kama kuliturudisha nyuma kwa miezi. Nasema hivyo nikijua kwamba mmoja wa wale rafiki alipata awamu ya kwanza. Sijui aliandika nini na si kazi yangu kuchunguza.

Ila kukataa uongo hakutoshi. Ukimzuia mwombaji asiandike kisicho kweli, unadaiwa umtafutie namna ya kuionyesha kweli yake. Mimi nilizuia, kisha nikaziba pengo kwa neno "mlezi" bila kufikiri neno hilo linabeba nini kwenye fomu. Kwetu mjomba ni mlezi wa kila mtoto wa dada yake, hata kama anachotoa ni kilo mbili za mchele wakati wa Idi. Bodi inasoma neno hilo kuwa ni mtu mwenye mfuko. Tunapojaza fomu tunatafsiri ukoo kuwa safu za majedwali, na tafsiri mbaya inakunyima haki yako bila mtu yeyote kukudhulumu.

Neno "kaya" lina mtego kama huo. Mtoto akiulizwa habari za nyumbani kwao hujibu kwa mama na baba. Kwenye nyumba nyingi za Pemba kaya inahesabiwa kwa bibi, na nyaraka zenye nguvu, ikiwamo ile ya TASAF, zimeandikwa kwa jina lake. Haya ya umaskini inazidisha giza. Sikuwa na dawa ya haya ya mama yule, na sidhani hotuba ingesaidia. Kilichosaidia ni kuuliza swali la kawaida lisilomtaka mtu ajiite fakiri.

Kuhusu mjomba, nadhani siku nne za kulala na fomu zilikuwa na faida ambayo sikuipanga. Alipokuja kuombwa ada ya muhula, alikuwa tayari anajua kilichomo na kisichomo. Mdhamini aliyesukumwa angekimbia Oktoba.

Jambo moja sijalimaliza kichwani. Uamuzi wa kumpeleka chuoni kabla ya rufaa kujibiwa ulifanikiwa, na kwa kuwa ulifanikiwa watu wananiuliza kama ndio ushauri wangu wa kila siku. Si hivyo. Ulifaa kwa sababu mjomba alikuwa na mshahara, uleule tuliokosea kuuandika. Nyumba isiyo na mjomba wa namna hiyo ningeishauri nini, bado sina jibu ninaloliamini.

Nimebadilisha karatasi yangu ya maswali. Zamani swali la kwanza lilikuwa alama za Kidato cha Sita. Sasa la kwanza ni kichwa cha kaya ni nani, na la pili ni kama ndani ya nyumba kuna sanduku la karatasi za zamani na nani ana ufunguo wake. Wiki iliyopita alikuja kijana kutoka Micheweni anayetaka kusomea sheria pia. Nilipomuuliza la kwanza alicheka, akasema, "Bibi." Nikamwambia arudi naye.